Tumbawe Lina Kinywa: Namna ya Kulilisha Katika Tangi la Nyumbani

Watu wanaofuga matumbawe nyumbani huniuliza kwanza habari za taa: iwe na nguvu gani, iwake saa ngapi. Chakula huulizwa mwishoni, na mara nyingi tumbawe limeshaanza kunywea. Naielewa sababu. Tumezoea kuliona kama jiwe au ua, kumbe ni mnyama, jamaa ya konyeza. Kila polipu, yaani kila kimnyama kimoja kimoja kati ya wanaounda tumbawe, ina kinywa kimoja kilichozungukwa na minyiri yenye vijimshale vya sumu, na kinywa hicho hicho ndicho inachotolea taka.

Taa ina nafasi yake. Ndani ya nyama ya matumbawe mengi huishi mwani wa seli moja, unaotengeneza sukari kwa mwanga. Tumbawe likiwa na afya, mwani huo unaweza kulipatia hadi asilimia 90 ya nishati linayohitaji. Ila sukari peke yake haijengi mwili. Naitrojeni na fosforasi ya kujengea nyama mpya tumbawe huipata kwa sehemu kubwa kutoka kwa windo, yaani vijidudu vinavyoelea majini, ambavyo vingi hupanda juu giza likiingia. Mvuvi wa dagaa anayetoka na karabai anajua bahari ya usiku inavyojaa. Ndiyo maana matumbawe mengi hukunjua minyiri usiku.

Tumbawe linalofundisha jambo hili vizuri kuliko yote ni Tubastraea. Wafugaji huliita tumbawe la jua kwa rangi yake ya chungwa, na jina hilo limeliua mara nyingi, maana mtu hulinunua, akaliweka chini ya taa kali, akangoja. Halina mwani wowote mwilini. Baharini hukaa mapangoni na chini ya miamba iliyoning'inia, likila kinacholetwa na mkondo. Nyumbani lisipolishwa, nyama huanza kurudi nyuma na mifupa meupe kuonekana kati ya polipu.

Lilishe mara mbili au tatu kwa wiki, taa zikishazimwa. Yeyusha kamba wadogo wa mysis waliogandishwa katika kikombe cha maji ya tangi. Chukua matone machache ya maji hayo uyadondoshe karibu na tumbawe ili lisikie harufu. Yaliyobaki yamwage kwenye sinki, kwa sababu yamebeba fosfeti, yaani chumvi yenye fosforasi, kisha uwasuuze kamba. Zima pampu. Baada ya robo saa hivi utaona minyiri ikifunguka, na hapo mpe kila polipu kamba mmoja kwa bomba la sindano lililotolewa sindano. Usitupe konzi nzima. Kipande kikubwa kuliko kinywa hutapikwa saa kadhaa baadaye, kikaozea nyuma ya mawe usikokuona.

Samaki na uduvi wa tangini ni wezi hodari, humchomoa kamba hadi kinywani mwa tumbawe. Kata kitako cha chupa ya maji ya plastiki, ifunike juu ya tumbawe kama kuba, na ulishe kupitia mdomo wa chupa. Baada ya dakika 20 iondoe na uwashe pampu. Tafadhali usilale umeisahau. Maji yasiyozunguka huishiwa oksijeni, na kabla ya asubuhi waweza kupoteza tangi zima.

Kwa matumbawe yenye vinywa vidogo, artemia, yaani vijikamba vya maji ya chumvi, waliototolewa karibuni ni chakula kizuri: mayai, maji ya chumvi, hewa inayobubujika na joto la nyuzi 26 au 28, na kwa takriban siku moja wametoka. Yape matumbawe artemia hao mapema, kwani kiini chao ndicho chenye lishe na wanakitumia kila saa inayopita. Tumbawe laini la Dendronephthya ni habari nyingine kabisa. Mwaka 1995 mwanasayansi Katharina Fabricius na wenzake walionyesha, katika Bahari ya Shamu, kwamba Dendronephthya hemprichi hujilisha mwani unaoelea majini. Linataka chakula kidogo kidogo mchana na usiku. Wanaoanza, nawasihi msilinunue.

Kosa ninalolikuta zaidi ni la wema: unga wa chakula unaomiminwa tangini kila jioni. Usioliwa huoza ukawa amonia, kisha naitreti, na fosfeti hupanda. Mwani wa kijani hufunika mawe, na fosfeti nyingi huzuia tumbawe kujenga mifupa yake. Pima maji kila wiki. Naitreti kati ya miligramu 2 na 10 kwa lita, na fosfeti kati ya 0.03 na 0.1, vinatosha. Sifuri nayo ni njaa, kwa hiyo usiikimbilie.

Tumbawe lililopauka kwa joto, kama yalivyopauka mengi ya pwani yetu mwaka 1998, limepoteza mwani wake lakini bado li hai. Huko Hawaii, Montipora capitata lililopauka lilionekana kuongeza ulaji hadi likafidia nishati iliyopotea. Si kila aina inaweza hivyo, lakini lako likipauka, punguza mwanga na ulilishe kwa upole kabla ya kulikatia tamaa.

Nunua vipande vilivyokuzwa tangini, visivyong'olewa mwambani. Matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea ya porini. Kisha kila baada ya wiki chache likague usiku kwa tochi yenye mwanga mwekundu. Tubastraea inayoshiba huchipuza polipu changa kwenye mashina ya zile kubwa, ndogo kama kichwa cha kiberiti, nazo pia zina vinywa vya kulishwa.