Zinj, sarafu za Kilwa na udongo vilimotoka

Wengi wanaoingia Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, Dar es Salaam, huulizia kwanza fuvu la Zinjanthropus, au Zinj, jamaa wa kale sana wa binadamu. Wana haki. Mary Leakey aliliona Olduvai tarehe 17 Julai 1959, limepasuka vipande kwa mamia, na tangu 1965 linahifadhiwa hapa. Makumbusho yenyewe yalifunguliwa 1940, enzi za Waingereza, yakiwa kumbukumbu ya Mfalme George V. Jengo jipya likaongezwa 1963, uhuru ulipokwisha kupatikana.

Mimi ni mwanaakiolojia, na ninachopenda mgeni akijue ni udongo fuvu hilo lilimotoka. Mfupa ule haukuweza kujitajia umri. Louis Leakey, mume wa Mary, alikisia miaka kama laki sita. Mwaka 1961 yakapimwa majivu ya volkano ya tabaka la udongo lilimokuwa fuvu, kwa kuangalia potasiamu iliyogeuka polepole kuwa gesi ya agoni, ikapatikana miaka milioni 1.75, karibu mara tatu ya makisio yake! Fuvu hilohilo lingeokotwa mtoni likauzwa kwa mpita njia, leo tungekuwa na magego makubwa na ubishi usiokwisha. Magego hayo, kwa njia, yalimpatia Zinj sifa ya kuvunja njugu, lakini uchambuzi wa kaboni katika meno ya spishi yake umeonyesha kuwa chakula chao kikuu kilikuwa nyasi na mimea jamii ya mafunjo.

Sarafu za Kilwa ndizo zinazonishika moyo zaidi. Ni vidude vidogo vya shaba. Upande mmoja una jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande hizo mbili zinakutana kwa vina. Watu wa pwani walitia ushairi hata kwenye fedha ya kununulia samaki! Tatizo ni kwamba hazina mwaka. Ili kujua sarafu ilitumika lini, inabidi tuangalie ilifukiwa pamoja na nini: kigae gani cha kauri ya China, sakafu ya nyumba ipi.

Sarafu moja ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, wa karne ya 14, ilipatikana Great Zimbabwe, mahali penye magofu yanayojulikana, na ikatupa ushahidi wa kushikika wa uhusiano wa Kilwa na nchi ya dhahabu. Sarafu nyingine tano za Kilwa aliziokota mwanajeshi mmoja mwaka 1944 kwenye mchanga wa kisiwa cha Marchinbar, kaskazini mwa Australia, pamoja na sarafu za Kiholanzi. Hazikutoka kwenye tabaka lolote lililochimbwa kitaalamu, na hadi leo hakuna awezaye kuthibitisha zilifikaje huko. Inaniuma kila ninapozifikiria.

Kwa hiyo ukitembea Kilwa Kisiwani au Songo Mnara, maji yakapwa ukaona kigae au sarafu, usikiinue. Kipige picha kilipo, kisha mwite mhifadhi wa magofu aje akione palepale.