Je, wajua kwa nini pumu ya ngozi hurudi hata ikionekana imepona?

Mwasho ukitulia na ngozi ikilainika, wengi huweka krimu kabatini. Siku chache baadaye wanajikuna tena palepale, kwenye mikunjo ya viwiko au nyuma ya magoti, na lawama inaiangukia dawa.

Mara nyingi dawa haina kosa. Ukurutu, au pumu ya ngozi, una mambo mawili: tabaka la juu la ngozi ni dhaifu, na kinga ya mwili inachachamaa chini yake. Mwaka 2006 watafiti waligundua kwamba baadhi ya wagonjwa wana hitilafu katika jeni ya filagrini, protini inayoimarisha tabaka hilo. Ikipungua, maji hupotea na vichokozi hupenya. Chembe za kinga zilizokusanyika zinaweza kubaki huko hata juu pakiwa safi.

Kwa hiyo mafuta mazito yasiyo na manukato hupakwa kila siku, uwashwe usiwashwe. Lakini mafuta peke yake hayatulizi kinga iliyochachamaa. Hiyo ni kazi ya krimu ya steroidi, na hapo ndipo woga unapowaponza watu. Wanapaka kidogo mno, wanaacha mapema mno. Krimu ya urefu wa pingili ya mwisho ya kidole cha shahada cha mtu mzima hutosha eneo la viganja vyake viwili pamoja na vidole. Kweli, steroidi kali ikipakwa miezi mfululizo hufanya ngozi kuwa nyembamba, ndiyo maana usoni hutumika iliyo hafifu, au takrolimasi, dawa ya kupaka isiyo steroidi, ambayo haina madhara hayo. Ukurutu ukirudirudi, daktari anaweza kuagiza krimu ipakwe siku mbili kwa wiki kwenye sehemu sugu, hata zikiwa zimepona. Ningependa kila mgonjwa aelezwe hilo mapema.

Ukurutu ukiwa mkali zaidi kuna tiba ya mwanga wa urujuanimno, na dawa za kutuliza kinga kama methotreksati na sindano ya dupilumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017. Vidonge vya steroidi hutuliza haraka, ila ukiacha, ugonjwa unaweza kurudi kwa kishindo.

Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu. Ukurutu huonekana wa zambarau, kijivu au mweusi zaidi. Baka lililobaki bila mwasho wala ukavu ni alama tu, halihitaji steroidi. Lakini vikitokea vipele vingi vya majimaji vyenye maumivu pamoja na homa, nenda hospitali siku hiyohiyo.