Kereng'ende wa Wangari Maathai: Tazama Macho Kwanza

Picha nyingi za kereng'ende tunazoletewa hapa makumbusho zimepigwa kwa ajili ya mabawa. Yanapendeza kweli, lakini kwa huyu tunayemtafuta kwenye vijito vya misitu ya milimani Kenya, hayatusaidii sana. Tuonyesheni macho.

Jina lake la kisayansi ni Notogomphus maathaiae. Alielezwa mwaka 2005 na Viola Clausnitzer na Klaas-Douwe Dijkstra, wakamwita kwa heshima ya Profesa Wangari Maathai, aliyetunukiwa Nobel ya Amani mwaka 2004. Anaishi Kenya tu, na yuko hatarini kutoweka.

Akitua juu ya jani au jiwe, msogelee polepole. Kereng'ende wengi wa mabwawani wana macho makubwa yanayogusana utosini. Ya huyu yameachana, katikati pana nafasi wazi. Wale wembamba kama sindano nao macho yao yameachana, ila wengi wao hufunga mabawa wakitua. Huyu huyatandaza, na mwili wake ni imara. Kifua kina mistari ya kijani na nyeusi, miguu ya nyuma ni mirefu. Ukiona kulabu kubwa zilizopinda kwenye ncha ya mkia, huyo ni Paragomphus, jamaa yake.

Hapo umepata ukoo, yaani kundi la jamaa zake, bado spishi, yaani aina yenyewe. Spishi huamuliwa kwa vibanio vilivyo mwishoni mwa mkia wa dume, kwa hiyo vipige picha kwa karibu, kutoka juu na kutoka ubavuni.

Mtafute penye kivuli na maji maangavu. Akihutubia Oslo, Desemba 2004, Profesa Maathai alikumbuka kijito cha utotoni, alikokwenda kumchotea mama yake maji na kuyanywa papo hapo, akicheza kati ya majani ya nduma na kujaribu kuokota mayai ya chura akidhani ni shanga. Baadaye kijito kile kilikauka. Ninapopita penye miti iliyofyekwa hadi ukingoni, maji yamekuwa rangi ya chai ya maziwa, huwa nakikumbuka kisa hicho, na huwa sitegemei kumwona kereng'ende huyu hapo.

Hata msitu ukiwa mzima, unaweza kushinda kijitoni usimwone. Akiwa na mabawa haishi muda mrefu. Sehemu kubwa ya maisha yake hupita akiwa tunutu, yaani mchanga asiyeweza kuruka bado, amejizika chini ya maji. Siku ya kugeuka hupanda ukingoni, ngozi ikapasuka mgongoni, akatoka na kuliacha ganda.

Ganda hilo ndilo ninalowaomba zaidi. Ni jepesi kama la kitunguu, rangi ya tope, na kwenye mpasuko hubaki vijiuzi vyeupe, utando wa ndani wa mirija yake ya hewa. Angalia vipapasio: ukoo huu una vifupi vyenye pingili nne, ya tatu nene kuliko zote. Kereng'ende anayeruka huenda anapita njia tu, lakini ganda linathibitisha kwamba amekulia katika kijito hicho hicho.

Aliye hai mwacheni aende zake. Ganda litieni ndani ya kiberiti kitupu, juu yake mwandike jina la kijito, tarehe, na kama palikuwa na kivuli.