Boti ya Uokoaji ya Klabu Nayo Hukaguliwa na Kulipiwa Leseni

Kutokana na malalamiko yanayojitokeza kila msimu wa ukaguzi, tumeona ni vyema kufafanua suala la ada ya leseni kwa boti za uokoaji zinazomilikiwa na klabu za makasia na mitumbwi katika mikoa ya Arusha na Kilimanjaro. Hoja inayoletwa ni ile ile: boti haibebi abiria, haivui samaki wala haiingizi fedha, basi ilipiwe leseni ya nini? Leseni hutolewa kwa chombo, wala haiangalii mapato yake, na usalama wa vyombo vya majini unasimamiwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), lililoundwa kwa Sheria Na. 14 ya mwaka 2017.

Wapo pia wanaotuonyesha karatasi zisizohusika. Kibali cha kuingia Ziwa Duluti, lililo ndani ya hifadhi ya msitu, hakithibitishi kwamba boti yako haivuji. Vivyo hivyo, leseni iliyotolewa chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 kwa mvuvi wa Bwawa la Nyumba ya Mungu inahusu uvuvi, na haigeuki kuwa ya uokoaji kwa sababu tu mwenye boti ni mwanachama wa klabu. Jambo hili tumelieleza mara nyingi mno.

Kwa kweli boti ya uokoaji ndiyo inayohitaji kukaguliwa kwa makini zaidi. Mtumbwi wa mashindano wa makasia manane ukipinduka, walioko majini ni watu tisa, pamoja na mshika usukani. Boti iliyopimwa kwa watu wanne ikiwapakia wote kwa mpigo, itazama nao. Ndiyo maana mkaguzi huuliza kamba za kushikilia ziko wapi na jaketi okozi za akiba ni ngapi. Atavuta pia kamba ya kuzimia injini, ile inayofungwa kwenye mkono wa dereva, kwa kuwa pangaboi linalozunguka karibu na mtu anayeelea ni hatari kuliko maji yenyewe.

Utaratibu ni huu. Klabu huwasilisha maombi yenye jina la mmiliki, vipimo vya boti, nguvu ya injini na uthibitisho wa umiliki, kisha hupangiwa siku ya ukaguzi. Siku hiyo boti iwe majini, ikiwa na mafuta na vifaa vyake vyote. Kutuita tukague boti iliyo juu ya trela uani kwa mwenyekiti, huku jaketi zikiwa zimeazimwa kwa jirani, ni kupotezeana muda. Malipo hufanywa kwa namba ya malipo ya Serikali, benki au kwa simu, na kamwe hayakabidhiwi mkononi kwa mkaguzi. Risiti si leseni. Inathibitisha malipo tu, na boti inayoingia majini kwa risiti pekee inaweza kuzuiwa hata kama mashindano yanaanza saa hiyo hiyo.

Klabu inayofunga injini kubwa zaidi kabla leseni haijaisha muda wake itoe taarifa kabla ya kuitumia, kwa kuwa uzito unaoongezeka nyuma hubadilisha namna boti inavyokaa majini, na idadi ya watu iliyoruhusiwa awali hupimwa upya.