John of Gaunt: uzushi na kweli yake

Tuanze na jina la John of Gaunt, mwanamfalme wa Uingereza wa karne ya 14. Ajuaye Kiingereza hudhani Gaunt ni lakabu ya mtu kimbaombao, aliyekonda. Sivyo. Ni Ghent, mji wa Flanders (Ubelgiji ya leo) alikozaliwa Machi 1340, katika matamshi ya Waingereza. Baba yake ni Mfalme Edward III.

Au siye? Mwaka 1376 ulizuka uvumi kwamba ni mwana wa mchinja nyama wa Ghent, eti malkia alimchukua kufidia kichanga wake aliyekufa. Ushahidi hakuna. Wakati huo Edward ni mzee, John ndiye mwenye sauti serikalini, vita vya Ufaransa vinakwenda kombo; basi watu wakamalizia hasira kwa kumtukania mama. Februari 1377 wakazi wa London walimsaka. Inasimuliwa alikuwa anakula chaza, akakurupuka hata akajigonga miguu kwenye benchi, akakimbilia mashua kuvuka mto Thames.

Wengi waliapa kuwa anautaka ufalme wa Richard II, mtoto wa kaka yake, aliyetawazwa akiwa na miaka 10. Wakulima walioasi mwaka 1381 walimteketezea jumba lake la Savoy, mwenyewe yuko mpakani na Uskoti akitafuta suluhu. Lakini hakuwahi kumgusa Richard. Taji alilolilia ni la Castile, ufalme katika Hispania ya leo, kupitia mke wake wa pili, Constance, na hilo nalo alilikosa. Aliyempindua Richard ni Henry, mwana wa John, mwaka 1399, baada ya kunyang'anywa urithi. John alikwisha kufa Februari.

Kuna pia wasemao watoto wake wanne kwa hawara wake Katherine Swynford walibaki wana haramu. John alimuoa Katherine 1396. Papa akawahalalisha watoto, na Bunge likafuata 1397. Kilembwe wa ndoa hiyo ni Henry VII, mfalme wa kwanza wa ukoo wa Tudor.

Na wasemao mtu huyu hatuhusu sisi wa pwani? Binti yake Philippa, wa mke wa kwanza, Blanche, aliolewa na mfalme wa Ureno 1387. Kilembwe wa John upande huo ni Manuel I, mfalme wa Ureno, yule ambaye merikebu zake, zikiongozwa na Vasco da Gama, zilitia nanga Mombasa, kisha Malindi, Aprili 1498.