Majibu ya kinyama cha tezi dume: maswali tunayoulizwa na wazee wa Kusini

Swali: Kinyama ni nini, na kwa nini kipelekwe maabara ilhali mgonjwa ameshapasuliwa?

Kinyama ni kipande cha tezi dume kilichotolewa mwilini ili mtaalamu wa patholojia akichunguze kwa darubini. Daktari wa upasuaji, hata awe hodari kiasi gani, hawezi kutambua kwa macho iwapo tezi imetanuka kwa sababu ya umri tu au imeingiwa na saratani.

Swali: Mkojo sasa unatoka vizuri. Nifuate majibu ya nini?

Swali hili tunaulizwa karibu kila wiki, na ndilo linalotuumiza. Upasuaji hufungua njia ya mkojo; hauelezi ni kitu gani kilichoiziba. Mzee aliyetembea miezi kadhaa na mpira wa mkojo, siku unapotolewa akakojoa mwenyewe, huona shauri limekwisha. Huaga vizuri, huahidi kurudi akishauza korosho. Minada inaisha, shamba linadai palizi, wajukuu wanaingizwa jando, na karatasi inabaki ndani ya faili.

Nimewahi kumpokea mzee kutoka upande wa Tandahimba, ameletwa na wanawe kwa bajaji, miguu haina nguvu, na mgongo unanuka mafuta ya nazi na mizizi aliyokandwa kwa miezi. Tulipofungua faili lake tulikuta majibu ya kinyama yaliyotoka mwaka uliotangulia, yakisema wazi kwamba ana saratani. Hakuwahi kuyafuata. Saratani ya tezi dume ina tabia ya kuhamia kwenye mifupa, hasa uti wa mgongo, na uti ukibanwa miguu hupooza. Kwa hiyo jibu ni hili: fuata majibu, hata kama unakojoa kama kijana.

Swali: Lakini si tezi yote ilishatolewa?

Hapana. Katika upasuaji wa kawaida wa tezi iliyotanuka huondolewa sehemu ya ndani, ile inayobana njia ya mkojo. Ganda la nje hubaki, na saratani nyingi za tezi dume huanzia huko huko nje. Aliyepasuliwa anaweza kupata saratani baadaye, hata kama kinyama cha kwanza kilikuwa salama. Majibu mazuri nayo yanafuatwa, kwa sababu ndiyo yanayomwongoza daktari kupanga vipimo vya mbele.

Swali: Karatasi yangu imeandika kwamba kuna rangi nyeusi kwenye tezi. Je, hiyo ni saratani?

Mara nyingi sivyo, na ni jambo la nadra. Weusi huo huweza kuwa melanini, rangi ile ile inayotia ngozi yetu weusi. Seli zinazoitengeneza, yaani melanositi, huanzia kando ya chimbuko la mfumo wa fahamu wakati mimba ikiwa changa, kisha husafiri kwenda kwenye ngozi. Chache huonekana kupotea njia na kuishia kwenye nyama ya tezi dume. Zikijikusanya hapo bila madhara, mtaalamu huliita baka la bluu. Wakati mwingine weusi si melanini kabisa, bali ni masalia ya uchakavu ndani ya seli za tezi, au madini ya chuma yaliyoachwa na damu iliyovuja zamani. Maabara huvitofautisha kwa kuvitia rangi maalumu. Saratani ya melanini inayoanzia kwenye tezi dume ni adimu mno. Ikishukiwa, daktari hukagua kwanza mwili mzima, nyayo zikiwemo, kwa kuwa huenda imetoka huko.

Angalieni, basi: aliyeisoma karatasi yake hofu yake huisha kwa mazungumzo ya robo saa. Mwenye saratani asiyeisoma hana hofu yoyote, mpaka siku miguu inapogoma.

Swali: Tulipewa kopo la kinyama tulipeleke wenyewe. Maji yake yananuka sana, tuyabadilishe?

Msiyabadilishe. Ile ni fomalini, na ndiyo inayozuia nyama isioze. Inatakiwa iwe takribani mara kumi ya ujazo wa kinyama. Wapo waliomwaga wakatia maji ya kisima, na wapo waliokizika kinyama nyuma ya nyumba kwa heshima ya baba yao. Nia tunaielewa, lakini aliyezikiwa kinyama amezikiwa na majibu.

Swali: Si afadhali nisijue?

Saratani ikigunduliwa ingali ndani ya tezi huweza kutibiwa ikapona. Ikishahamia mifupani, dawa za kushusha homoni za kiume bado hupunguza maumivu na kuongeza maisha, ila haiponi tena. Kutokujua hakubadilishi kilichoandikwa. Kunabadilisha tu siku ya kukisoma.

Swali: Nilipasuliwa miaka miwili iliyopita na sikurudi. Naona aibu.

Njoo hivyo hivyo, na kadi yako kama ipo, pamoja na mwanao mmoja wa kukusaidia kukumbuka. Karatasi ikiwa imepotea, maabara kwa kawaida hutunza vipande vya kinyama ndani ya nta kwa miaka, na vinaweza kusomwa upya. Huenda tukakugombeza kidogo, mzee wetu, kisha tutakaa tuyasome majibu pamoja.