Kupima miale ya gama ya supanova kwa puto: maana yake

Supanova ni mlipuko wa nyota iliyofikia mwisho wa maisha yake. Mwanga wake waweza kuonekana hata kwa macho matupu, lakini miale ya gama, yaani mwanga usioonekana wenye nishati kubwa mno, ambayo hutoka moja kwa moja kwenye viini vya atomu vilivyoundwa na mlipuko huo, haifiki ardhini kwa kuwa angahewa huifyonza (na ni heri kwetu kwamba huifyonza). Kwa hiyo chombo cha kuipima hutundikwa chini ya puto kubwa la gesi ya heliamu na kupandishwa kilomita 35 hadi 40, ambako zaidi ya asilimia 99 ya hewa imebaki chini yake. Setilaiti hufika juu zaidi, ila puto ni nafuu, na chombo hurudi kwa mwavuli kikatengenezwa na kurushwa tena.

Mfano ulio wazi ni supanova SN 1987A, iliyoonekana Februari 1987 katika Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo iliyo jirani na yetu. Kwa kuwa iko anga ya kusini, maputo kadhaa yalirushwa kutoka Alice Springs, Australia. Kilichotafutwa kilikuwa alama ya kobalti-56, aina ya kobalti yenye mnururisho, ambayo nusu yake hugeuka kuwa chuma kila baada ya siku 77, na katika kugeuka huko hutoa miale yenye nishati maalumu, hasa kiloelektronivolti (kipimo cha nishati ya mwale) 847 na 1,238.

Moyo wa baadhi ya vyombo hivyo ni fuwele ya gerimani iliyopozwa kwa nitrojeni ya kimiminika. Mwale ukiipiga, elektroni huachiliwa, na ukubwa wa mpigo wa umeme unaopatikana hueleza nishati ya mwale. Ugumu wenyewe, kwa maoni yangu, hauko kwenye kuunasa mwale bali kwenye kuutenga, kwani miale ya kosmiki, yaani chembe zenye nishati kubwa zitokazo angani, ikigonga hewa na chombo chenyewe huzalisha gama nyingi kuliko zile za nyota. Fuwele huzungushiwa ngao inayomulika ikipigwa. Ngao na fuwele vikiitika kwa pamoja, tukio hilo hufutwa. Kisha chombo huelekezwa kwenye nyota, halafu pembeni, na hesabu ya pili hutolewa kwenye ya kwanza.

Alama za kobalti zilionekana mapema kuliko ilivyotarajiwa, jambo lililoonyesha kwamba kobalti ya ndani ilikuwa imechanganyika na tabaka za nje. Gerimani iliyobebwa na puto iliongeza jambo lingine: alama hizo hazikuwa kwenye nishati moja kamili bali zilitandaa kidogo juu na chini yake, kwa sababu kobalti ilikuwa ikitawanyika kwa kasi ya maelfu ya kilomita kwa sekunde.